Inchi Moja na Nusu

Wafugaji wote walimwita Daktari, ingawa hakuwahi kumtibu binadamu. Alikuwa daktari wa mifugo, mstaafu wa miaka minne, na tangu astaafu hakukosa kazi hata wiki moja, maana ng'ombe haambiwi kwamba fulani amestaafu. Akiitwa, huenda. Na akienda, huenda na Twiga.

Twiga ni pikipiki. Tena tuelewane, si hivi vipikipiki vya kuendea dukani. Ni ndefu, ya njia zote: kwenye lami inakimbia, kwenye mchanga inapita, kwenye tope inalalamika lakini inatoka. Ina tangi pana, tairi la mbele refu na jembamba, na masanduku mawili ya bati ubavuni. Mgongoni mwake imebeba madumu ya dawa, mtungi wa mbegu za madume, ndama aliyevunjika mguu, mlango wa choo, na safari moja kitanda cha binti yake alipokwenda kusomea uuguzi. Daktari alianza kuendesha akiwa na miaka kumi na tisa. Pikipiki nne zilimfia mikononi. Hii ya tano aliipata mradi mmoja wa maziwa ulipofungwa na vifaa vyake kupigwa mnada, na siku aliyoifikisha nyumbani alimwambia mkewe, "Mama, hii ndiyo ya kuzeeka nayo."

Mkewe, fundi cherehani, aliitazama kuanzia chini mpaka juu. "Haya. Na mimi nizeeke na nani?"

Kwa miaka ishirini na mitatu mama huyo hakuipanda hata mara moja. Alisema kiti kiko juu mno na yeye si paka.

Sasa, shida ilianza kidogo kidogo, kama shida zote zenye adabu. Daktari akisimama njiani, mguu wa kushoto ulichelewa kufika chini. Kwanza ulifika kwa vidole. Baadaye ikabidi ainamishe pikipiki upande huo ndipo aguse. Alilaumu springi mpya za nyuma, akasema zimeinua pikipiki. Alilaumu barabara. Nyonga ilikuwa inamuuma, lakini nyonga nani asiyeumwa baada ya miaka sitini na nne? Kwenda hospitali hakutaka hata kusikia, kwa sababu alijua neno la kwanza atakaloambiwa ni aache pikipiki. Basi akafanya alichoona ni busara. Alijifungia stoo, akavua ngozi ya kiti, akakata sponji kwa wembe unene wa kidole kidogo, akarudisha ngozi. Mambo yakawa shwari kwa miezi kadhaa. Kisha akakata tena. Na tena. Vipande alivitupa nyuma ya stoo, kwenye gunia la takataka, akijua hakuna aliyemwona. Mwishowe kiti cha Twiga kilikuwa ubao uliovaa ngozi, na Daktari akirudi safari za mbali alikula chakula amesimama, akidai amekaa siku nzima.

Huyu ni mtu ambaye ng'ombe akichechemea upande wa pili wa bonde anakuambia ni mguu gani na tangu lini. Lakini wahenga hawakukosea: mganga hajigangi.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Cha Daktari kilimfichua langoni kwake mwenyewe, mchana kweupe, Jumapili ambayo binti yake muuguzi alikuwa amekuja kuwasalimia. Daktari alirudi, akapunguza mwendo, akasimama ili lango lifunguliwe. Mguu wa kushoto ukatafuta ardhi, haukuiona. Twiga akalala, na Daktari akalala naye, polepole kabisa, mbele ya majirani wawili na mbuzi.

Hakuumia. Afadhali angeumia, maana binti alipata nafasi ya kusema. "Baba, kuendesha unajua, sikatai. Kusimama ndiko kulikokushinda. Na ipo siku utasimama mbele ya lori."

"Mwanangu, lile ni jiwe tu lililoteleza."

"Jiwe liko wapi?"

Jiwe halikuwepo. Binti akatoa hukumu: Jumamosi atarudi. Baba apande, aende mpaka kwenye nguzo ya umeme, arudi, asimame, mara tano bila kuyumba. Akishindwa hata mara moja, ufunguo unaondoka na yeye. Daktari, kwa kiburi kilichompeleka kwingi kusikofaa, akasema, "Mkono huu hapa." Wakashikana mikono.

Tuseme ukweli, alikuwa na hofu. Siku hizo tano hakula vizuri. Alijua bila Twiga hatafika kwa wafugaji, na asipofika, atabaki mzee wa kukaa barazani akisubiri kuulizwa kama amelala salama. Kila asubuhi alifanya mazoezi uani, na kila asubuhi Twiga aliinamia kushoto. Kukata kiti kulikuwa kumeshusha pande zote mbili sawa: mguu wa kulia sasa ulikuwa na ziada, wa kushoto bado una deni.

Ijumaa alijaribu suruali ya dukani aliyoletewa na binti, nzito, yenye sponji magotini, ya waendeshaji hasa. Alitoka nayo akaja kusimama mbele ya cherehani.

"Hebu ona kazi za viwandani. Mguu wa kulia uko sawa, wa kushoto unafagia chini. Waliikata wamelewa?"

Cherehani ikanyamaza. Mkewe hakuinua macho. Sasa, mwanamke huyu ana neno kwa kila nguo iliyoshonwa na mtu mwingine, hajawahi kuikosoa suruali kwa ukimya. Daktari akahisi kitu. Akachukua suruali yake ya kazi kwenye kamba, ile aliyoshonewa na huyu huyu mkewe, akaikunja mguu juu ya mguu, mshono juu ya mshono, kama alivyomwona akifanya miaka yote. Mguu wa kushoto ulikuwa mfupi. Akachukua nyingine. Mfupi. Ya tatu, ile ya kuendea kwenye shughuli za watu. Mfupi.

"Mama."

"Inchi moja na nusu," mkewe akasema. Akafungua daftari lake la vipimo, akaliweka mezani. Ukurasa wa mumewe ulikuwa wa kwanza, umechakaa. Mguu wa kushoto ulikuwa umefutwa na kuandikwa upya mara nne. "Ilianza nusu. Nikawa napandisha pindo, usije ukaona."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa nne huu."

Alikasirika, si utani. Mtu akikufichia mguu wako mwenyewe lazima ukasirike. "Kikulacho ki nguoni mwako!" alifoka. "Miaka minne najiona nazeeka vibaya, najua nimeisha, kumbe ni mguu! Ungeniambia ningeongeza soli! Ng'ombe nimewatengenezea kwato za mbao, mimi nimeshindwa kiatu?"

"Nilidhani nikikuambia utajiona mgonjwa," mkewe akasema. "Wewe ukijiona mgonjwa utalala, mzee wangu, nakujua. Na mimi nakupenda ukirudi na vumbi." Akajifuta machozi kwa kipande cha kitambaa. Kisha akasimama, akavuta mto aliokuwa ameukalia, akamtupia kifuani. "Na wewe je? Hii ni nini?"

Daktari aliubonyeza. Ulikuwa laini, wenye vinundu. Akafungua zipu, akaviona vipande vya sponji vilivyokatwa kwa wembe.

"Fundi haachi sponji nzuri itupwe," mkewe akasema. "Niliviokota vyote. Nilijua unakata kiti, ila sikujua ni kwa nini. Nikajua ni mambo yenu wewe na Twiga wako."

Wakatazamana. Mmoja alikuwa anapunguza suruali, mwingine anapunguza kiti, wote wawili usiri mtupu, chini ya paa moja. Daktari ndiye aliyeanza kucheka, na alipoanza ilibidi ashike meza.

Mchana ule fundi viatu wa jirani alibandika soli ya inchi moja na nusu chini ya buti la kushoto. Mkewe akatumbua mto wake, akagandanisha vipande kwa gundi ya yule fundi viatu, akavirudisha kwenye kiti cha Twiga na kukishonea ngozi mpya yenye mshono maradufu.

Jumamosi saa tatu binti alisimama langoni, mikono kifuani, uso wa wodini. Daktari akaenda kwenye nguzo, akarudi, akasimama. Buti likakanyaga, likatulia. Mara ya pili. Ya tatu. Ya nne binti aliinama kabisa kuangalia kile kiatu, akamtazama mama yake.

"Bado moja," Daktari alisema.

"Ngoja," akasema mkewe. Alikuja amejifunga kanga kiunoni juu ya suruali aliyojishonea jana yake, akakanyaga kibao cha miguu, akamshika mumewe begani, akapanda.

"Mama! Na wewe?"

"Kiti hiki nimekikalia miaka minne," mama akasema, akijiweka sawa. "Kwani mgeni nacho?"

Wakaenda kwenye nguzo, wakarudi, wakasimama. Twiga hakuyumba. Binti akageuka upande akipangusa macho, na Daktari akajua ufunguo ni wake.

"Mpaka njia panda tu, halafu turudi," mkewe akamwambia sikioni. "Polepole."

Hawakurudi mpaka saa kumi.