Mbwa Aliyekataa Kulala

Kisa hiki kilitokea mchana kweupe, hapa Kisesa, mbele ya shahidi, na nilikiandika daftarini jioni ileile. Usiponiamini sitakulaumu. Mimi mwenyewe nilichelewa kuyaamini macho yangu.

Natibu mifugo. Nilijifunza kwa kumsaidia daktari wa mifugo na kwa kusoma vitabu vyake. Siku hiyo aliingia mzee nisiyemjua, mbwa wake kachanwa paja na seng'enge.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Tushonee."

Kabla ya kumchoma mbwa dawa ya usingizi lazima ujue kilo zake. Sisi humpima mwenye mbwa peke yake, kisha akiwa amembeba, halafu tunatoa. Mzee peke yake: kilo sitini na moja. Akiwa na mbwa: sitini na moja. Nikasema mizani imekufa, nikakadiria kwa macho, nikachoma sindano. Hapo ndipo nilipokosea.

Mbwa aliyepewa dawa ile mara nyingi hutapika kwanza, kisha kichwa huinama, ufizi hupauka, macho hubaki wazi. Yote yalifuatana hivyohivyo, ila kwa mzee. Mbwa alisimama tu, ananitazama.

Mama Kulwa, fundi cherehani wa mlango wa pili, alicheka. "We mzee, kachomwa mbwa, unalala wewe?"

Mzee alipoanguka, kicheko kilimwisha Mama Kulwa. Nilihesabu pumzi zake: nne kwa dakika. Nilikuwa na dozi moja tu ya dawa ya kuzindua. Nimchome nani?

"Mchome mzee! Anakufa huyo!" Mama Kulwa alipiga kelele.

Lakini dawa ilikuwa mwilini mwa mbwa. Niambie, wewe ungefanyaje? Nilimchoma mbwa.

Baada ya dakika chache mzee alikohoa, akaketi, akalitazama lile paja.

"Mbona hujashona?"

"Sithubutu kukulaza tena, mzee."

"Basi shona hivyohivyo."

Nilipitisha sindano mara saba. Mbwa hakutikisika. Mzee aliuma kola ya shati lake, machozi yakimtoka.

Waliondoka wakichechemea wote wawili, mguu wa kulia. Jioni niliijaribu mizani kwa mfuko wa saruji: hamsini kamili.

Tangu hapo simlazi mnyama kabla mwenye mnyama hajakaa chini nikamwangalia ufizi. Wateja hucheka. Wacheke. Na wewe unayeshika sindano, ukishamchoma mbwa, mtazame aliyeshika kamba.