Jumapili ya Kutafuta Cheche

Pikipiki yangu haikutoka dukani. Fremu ilikuwa ya pikipiki ya Kiingereza iliyoangukiwa na mti kwenye njia ya misheni, ikatupwa nyuma ya garaji ya kampuni ya pamba pale Kasongo, nilipokuwa fundi. Injini ilitoka kwenye nyingine, iliyozama katika mto Lualaba ikaopolewa. Tangi nililichomelea mwenyewe. Magneto, sehemu inayoipa injini umeme wake, ilikuwa imekufa, kwa hiyo nikafunga batri ya gari dogo na bobini yake, ile koili inayokuza umeme uwe cheche. Taa ya mbele sikuwa nimeiweka bado. Mzungu wa garaji alikuja kuitazama akacheka, kisha nikaiwasha, akaacha kucheka.

Kazi hiyo ilimeza jioni zangu za karibu mwaka mzima, na mke wangu akarudi kwao Wamaza. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Nimechoka kusemesha mugongo yako," akafunga vitu vyake. Nilikuwa nimeinamia kabureta. Nilimsikia vizuri. Nilidhani nitamjibu nikimaliza kukaza skrubu moja.

Kwetu, mke akirudi kwao, mume humfuata yeye mwenyewe, pamoja na mzee wa ukoo wake wa kumsemea. Kutuma mtu ni sawa na kusema humtaki tena. Miezi miwili ilipita, baba mkwe akaleta neno: Jumapili ndugu zao wote watakusanyika, wengine wakitoka Kabambare. Tufike kabla ya saa kumi. Tusipofika watajua nimemwacha, na binti yao atakuwa huru kuolewa na mwingine.

Baba mdogo alikuja siku ya Ijumaa ili anisemee. Mguu wake mmoja ulikuwa umevimba, safari ya miguu haikuwezekana, ila nyuma ya pikipiki angekaa. Nami, ili wakwe wasinione mtu ovyo, Ijumaa hiyohiyo niliifungua pikipiki yote nikaipaka rangi nyeusi, kila pembe ya fremu, mara mbili. Jumamosi jioni niliiunga tena. Iling'aa. Sikuiwasha, kwa kuwa rangi ilikuwa bado haijakauka sana.

Jumapili alfajiri nilipiga teke. Kimya. Teke la kumi, kimya.

Ngoja nieleze nilivyofanya, maana njia yenyewe ilikuwa nzuri, na wewe ukiwa na mashine iliyokukatalia waweza kuifuata bila hofu. Kwanza nilitoa buji, ile plagi inayotoa cheche ndani ya injini, nikaichomeka kwenye waya wake, nikailaza juu ya chuma cha injini, nikapiga teke huku nikiitazama. Cheche haikuonekana. Hapo usikate tamaa, shukuru, kwa sababu umekwisha kujua nusu ya jambo: petroli haina kosa, tafuta umeme. Nilibadilisha buji. Bado. Nikachukua kitaa kidogo chenye nyaya mbili, nikagusa vichwa viwili vya batri. Kikawaka sana. Batri nzima. Nikaacha waya mmoja kwenye batri, wa pili nikaugusisha pale umeme unapoingilia bobini. Kikawaka tena. Basi umeme unafika.

Baba mdogo alikuwa ameketi kwenye kigoda, amevaa koti lake na kofia, fimbo magotini.

"Mutoto wangu," alisema, "jirani iko na kinga. Nitakaa nyuma. Tukitoka sasa, saa nane tuko Wamaza."

Kinga ndiyo baiskeli. Jirani mwenyewe, mama mmoja aliyeuza mawese, alikuwa amekwisha kuitoa nje, ameiegemeza ukutani.

"Bado kidogo, baba mudogo. Iko kitu kimoja tu."

"Kitu kimoja," alisema yule mama. "Uliipaka rangi kama bibi arusi, sasa inakataa kutoka mupaka uitolee mahari!"

Baba mdogo alicheka hadi akakohoa. Mimi pia nilicheka, nikainama tena.

Nilifungua platini, vile vidole viwili vidogo vinavyokata na kuunganisha umeme. Nikazisugua kwa ubavu wa kiberiti, nikapima nafasi kati yake kwa kipande cha karatasi. Bado. Nikafikiri kondensa, kile kikopo kidogo kinachosaidia platini, imekufa. Kondensa nyingine ilikuwa garajini, na ufunguo wa garaji alikuwa nao mtunza stoo, na mtunza stoo alikuwa kanisani. Nilisimama nje ya kanisa mpaka misa ikaisha. Saa nne ilipita nikiwa pale. Nilijua kwamba baada ya saa nne baiskeli haingetufikisha tena kwa wakati. Nililijua hilo kama mtu anavyojua bei ya chumvi. Sikuona uchungu wowote. Nilikuwa nahesabu tu mahali nilipokwisha kupima na mahali palipobaki.

Niliporudi, jirani alikuwa amerudisha baiskeli ndani.

"Weye," baba mdogo aliniambia, na sasa hakucheka, "bibi yako iko Wamaza. Haiko ndani ya hiyo batri."

"Ndiyo, baba."

Nilifunga kondensa mpya. Hakuna cheche.

Wanafunzi wangu wa garaji niliwafundisha swali moja kabla ya kushika spana: tangu ilipowaka mara ya mwisho, umebadilisha nini? Mimi sikujiuliza. Kwangu rangi haikuwa kitu kilichobadilika. Ilikuwa adabu kwa wakwe, kama kufua shati. Nilipokuwa nimechoka, nikaweka waya mmoja wa kitaa pale kwenye bobini na wa pili nikaugusisha kichwa cha boliti ya fremu iliyokwaruzwa na spana. Hakikuwaka. Nikauhamishia kichwa cha batri. Kikawaka. Nikarudia mara tatu.

Umeme ukiondoka kwenye batri lazima urudi kwenye batri, na katika mashine hurudi kwa kupitia chuma chenyewe cha fremu. Mafundi huita masi. Waya wa masi wa batri nilikuwa nimeukaza juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme. Nilifungua boliti moja, nikakwangua kwa kisu mahali padogo kama ukucha, hadi chuma kikaonekana cheupe, nikakaza. Cheche ikatoka ya buluu, na injini ikawaka kwa teke la kwanza. Ilikuwa saa nane kasoro kidogo.

Tulifika Wamaza saa kumi na moja. Ua wa wakwe ulikuwa umefagiliwa, na vigoda vingi vilikuwa bado vimepangwa mduara bila watu. Baba mkwe alikuwa peke yake na mzee mmoja. Baba mdogo alishuka kwa shida, akasalimu, akaanza maneno aliyoyapanga tangu Ijumaa. Baba mkwe alimwacha aseme kidogo, kisha akamgusa mkono.

"Ndugu yangu, tuliwangojea. Wa Kabambare wamekwenda. Maneno iliisha."

Mke wangu alitoka jikoni. Alimpigia baba mdogo magoti, kisha akanitazama.

"Mulitoka Kasongo saa ngapi?"

"Saa nane."

"Na tangu asubui ulikuwa unafanya nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri na taratibu, kama ninavyoeleza hapa, kuhusu kitaa, platini, na njia ya umeme kurudi, na hata nikamwonyesha kwa kidole mahali nilipokwangua. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kinga ya jirani ilikuwako?"

"Ilikuwako."

"Haya," alisema. Hakusema kwa ubaya. Akarudi jikoni, na baadaye akamtuma mdogo wake amletee baba mdogo ugali na mboga.

Baba mdogo alikula, kwa maana kukataa kungekuwa tusi jingine. Tuliaga. Nilipanda pikipiki, nikainua mguu kupiga teke, yeye akanishika bega.

"Usiwashe hapa."

Nikashuka. Niliisukuma kutoka uani, naye akachechemea pembeni, mkono mmoja juu ya kiti. Watoto wa kijiji walitufuata wakipiga makofi, "Iwashe, baba, iwashe tusikie!" Tuliisukuma mpaka tukapita nyumba ya mwisho, watoto wakachoka wakarudi. Hata hapo sikuiwasha mara moja. Baba mdogo aliniuliza kama naumia. Nilimwambia sijui, na huo ulikuwa ukweli, akasema basi tupumzike kwanza.