Godoro Lenye Mdomo Wazi

Wifi yangu alikuwa fundi wa magodoro ya sufi, na katu hakumuuzia mtu godoro lililokwisha fungwa. Upande mmoja aliuacha wazi mpaka mwenyewe afike, atie mkono, achimbe hadi katikati, atoe alichokishika akione. Akiridhika, ndipo wifi achukue shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, amalizie mbele ya macho yake. Mafundi wenzake walimwita Mdomo Wazi. Jina halikumuuma. Kilichomuuma ni mgongo, kwa kuinamia kazi ileile mara mbili.

Mwaka mmoja akapata oda ya magodoro matano ya nyumba ya wageni. Mimi nikishika jambo, nimelishika. Nakumbuka hata kitambaa, cha mistari ya buluu. Homa ikamlaza, na sufi ikaisha godoro la tano likiwa nusu. Kaka yangu, mumewe, akamwonea huruma. Akashindilia matambara, akalishona pande zote, akaja anatabasamu kama aliyeua simba.

"Mama watoto, pumzika. Nimemaliza."

"Umetia nini?"

"Vya kutiwa. Kwani mgeni analala macho yakiwa ndani ya godoro?"

Wifi akainuka na homa yake. Mama mwenye nyumba ya wageni alishafika mlangoni.

"Ukilifumua, tumempoteza," kaka akanong'ona.

"Nimechoka, baba watoto. Usinichoshe zaidi."

Akashika mkasi, akafumua.

"Dada, hili lina matambara. Sufi iliisha nikiwa kitandani. Tia mkono."

Yule mama akatia, akavuta, akatoka na mguu wa suruali.

"Makubwa! Wageni wangu walale na suruali ya mumeo?"

Hakucheka. Akayageukia yale manne, akayachimba moja moja hadi kwapani, sufi ikaruka chumba kizima, sote tukapiga chafya. Mwisho akajipangusa.

"Haya ni safi, yashone nitume mtu. Hilo la tano nitalingoja. Na nikija nilikute wazi."

"Utalikuta wazi."

Alipoondoka, kaka akashusha pumzi. "Kumbe hatukumpoteza!"

Wifi alikuwa ameshakaa sakafuni, anaokota sufi konzi kwa konzi.

"Hatukumpoteza," akasema. "Ila kuaminiwa nako ni kibarua. Nipe shazia, kisha uhamishe miguu yako, unaikanyaga sufi."