Kiatu cha Mgeni

Mtaa mzima unamwita Babu, na mjukuu hana. Jina lilimjia pamoja na mvi, akalizoea. Mimi nashona nguo, yeye anatengeneza makochi, na vibanda vyetu vinagawana ukuta wa mbao zilizoachana, kwa hiyo akipiga chafya namwambia afya bila kunyanyuka kitini. Ni mkaidi na mchoyo wa maneno. Misumari ya kazi huiweka mdomoni, na nina hakika huiweka hata asipoihitaji, ili tu watu wasimsemeshe.

Ana binti mmoja. Mke wake alifariki binti akiwa darasa la tatu, Babu akamlea peke yake. Sare za shule alimshonea kwa mashine ile ile ya makochi, mishono minene ungedhani ya gunia. Ndani ya kila pindo alitia alama ya kujumlisha kwa uzi mwekundu, nguo isipotee. Jioni binti alikaa kwenye stuli ndogo pembeni ya meza ya baba yake, akifanya hesabu. Akasoma, akawa mwalimu.

Siku moja akaleta kijana kumtambulisha. Kijana hakuwa na kosa lolote ila moja: alikuja kumchukua. Babu hakunyanyua hata kichwa. Binti akasema kwa upole, "Baba, tuna mgeni." Babu akatoa msumari mdomoni, akajibu, "Mimi sina mgeni," akaurudisha msumari mahali pake. Nilisikia kwa masikio yangu, na ningekuwa na ujasiri ningemchapa na rula.

Hiyo ni miaka minne sasa. Binti hakuhama mji, yuko upande wa pili tu, lakini hakukanyaga tena hapa. Babu naye hakukanyaga kwake. Ile stuli ipo bado. Kila mwaka anaibadilishia kitambaa, na mteja akitaka kuikalia anaambiwa, "Hiyo mbovu." Haina ubovu wowote, naijua.

Basi mwezi mmoja akaja mwalimu mmoja mcheshi, kuulizia sponji ya kiti. Akaona gunia la vitambaa vilivyobaki.

"Shikamoo Babu. Haya mapande unayatupa?"

"Marahaba. Unayatakia nini?"

"Kuna mwenzetu shuleni anatarajia mgeni. Tunamfanyia kisherehe, na tumekubaliana zawadi ziwe za mkono, vya dukani marufuku. Sasa mimi kushona sijui. Vifungo vyangu mwenyewe ananishonea huyo huyo mwenye mimba!" Akacheka mpaka akashika ukuta. "Hata masweta ya wanafunzi anayaziba, halafu kwa ndani anatia kialama chekundu cha kujumlisha, eti yasipotee. Tunamtania, kwake kila kitu hesabu."

Upande wa pili nyundo ikanyamaza. Nikachungulia kwenye upenyo. Babu alikuwa ameshika kochi kwa mikono miwili, kama ndilo linalomzuia asianguke.

"Chukua kiti, Mwalimu," akasema. "Nikufundishe viatu vya mtoto."

Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi kama siku ile. Akakata kipimo kwenye boksi la sabuni: soli moja, kipande cha juu kimoja. Nje mahameli iliyobaki kwenye kochi, rangi ya zambarau. Ndani fulana kuukuu iliyofuliwa ikalainika, isimkwaruze mtoto. Unageuza nje ndani, unashona, unageuza tena, kisigino unapitisha lastiki. Kazi ya saa moja, na vyote ni vitu ambavyo watu wangetupa.

"Urefu je?" mwalimu akauliza.

Babu akanyoosha kidole gumba. "Hapa mpaka hapa. Mguu wa mtoto mchanga hauzidi hapo."

"Nani kakwambia?"

"Nilimpima mmoja."

Mwalimu alishona cha kwanza kikatoka kama andazi lililokanyagwa. Babu akamwambia akiache, arudi Ijumaa. Kufika Alhamisi mchana viatu vilikuwa tayari, vizuri mpaka nikaona wivu wa ufundi. Lakini yeye alikaa na sindano mkononi, ina uzi mwekundu, hashoni.

"Tia," nikamwambia kupitia upenyo.

"Akivitupa?"

"Si atakuwa amevitupa akijua vimetoka kwa nani."

Akaigeuza sindano vidoleni. Halafu akasema, wala hakuniangalia, "Jirani, nimemkumbuka mwanangu. Nimemkumbuka mpaka chakula hakipiti." Nilikuwa na jibu la utani tayari, maana mdomo wangu haujui kupumzika, lakini nililimeza. Akatia alama, moja ndani ya kila kiatu, ndogo kuliko punje ya mchele.

Viatu vikaenda. Wiki ya kwanza Babu alifanya kazi bila misumari mdomoni, akinyanyua kichwa kila gauni likipita. Wiki ya pili akaacha hata kuwasha redio. Tukasikia kwa mteja kwamba mwalimu fulani amejifungua salama, na mimi nikajidai naulizia bei ya nyanya huku roho iko juu. Wiki ya tano misumari ikarudi mdomoni. Nikajua amekata tamaa.

Yule mwalimu mcheshi alitokea Jumanne asubuhi, safari hii hacheki. Akatoa bahasha, ndani yake kiatu kimoja cha zambarau, akakiweka juu ya meza.

Babu akakitazama. "Kimerudi," akasema.

Nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu ni mimi niliyemwambia atie.

"Kuna karatasi ndani, Babu," mwalimu akasema.

Akaitoa. Miwani ilikuwa usoni kwake lakini hakuthubutu kuisoma, akanipitishia karatasi kwenye upenyo wa ukuta. Nikasoma kwa sauti:

"Baba, ni wa kiume, na miguu amechukua yako. Kiatu kinambana. Kama sasa una mgeni, njoo umpime mwenyewe."

Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaniomba tena, nikarudia tena, na hapo tulikuwa tunalia wote watatu, mwalimu akipenga kamasi kwa kipande cha mahameli.

Babu akatema misumari kiganjani, akaihesabu kwa mazoea, akaiweka kwenye kopo. Akachukua futi ya kupimia akaivaa shingoni. Akainyanyua ile stuli ndogo, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati, akaibana kwapani. Mlango hakufunga. Kochi la watu alikuwa amelivua nguo nusu, mwenyewe angelifuata adhuhuri.

"Babu, mteja akija nimwambieje?"

Alishafika barabarani. Akageuka, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne nikaona meno yake.

"Mwambie sipo. Nina mgeni."