Isale kwa Mkono wa Kulia

Siku ile bibi wa mgonjwa wangu mdogo alipoingia kwenye kituo chetu cha afya, Kirua Vunjo, ameshika jani la isale, nilijua nimepatikana. Kwetu Uchaggani mtu akikuletea isale kukuomba jambo kwa amani, humkatalii, hata kama moyo unawaka. Na wangu huwaka upesi, kila mtu anajua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuomba. Mwache mjukuu wangu."

Mjukuu mwenyewe alikuwa amejificha nyuma ya kitenge cha bibi. Alimwagikiwa na mtori wa moto jikoni, ukamuunguza mkono wa kulia. Kidonda kilishapona, lakini kovu lilikuwa linajivuta na kiwiko kinazidi kukunjika. Mimi ndiye niliyekuwa mtaalamu wa fiziotherapia pale mlimani, kwa hiyo kuunyoosha ilikuwa kazi yangu. Nikiuvuta, analia mpaka wagonjwa wanachungulia dirishani. Mara ya mwisho aliniuma kidole, na meno anayo yule mtoto, jamani!

"Atatumia wa kushoto," bibi akasema.

"Wa kushoto? Atampa mkono nani? Atampokeza nani chakula?"

Lakini isale lilikuwa limeshafika kiganjani mwangu. Nikamwambia sitauvuta tena. Wakatoka, mtoto kaukumbatia ule mkono kifuani, na roho ikaniuma kwelikweli.

Jumamosi nikashuka Moshi mjini. Miaka ile mafunzo yetu ya kutibu watoto walioungua tuliyafuata kwenye kompyuta za kukodi, kwenye chumba cha intaneti karibu na stendi, picha moja inafunguka mpaka chai inapoa. Ukiandika swali, mwalimu aliyeko ng'ambo anakujibu akipata nafasi. Nikamwandikia yote kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, isale na kidole humohumo.

Niliporudi Jumamosi iliyofuata, jibu lilikuwepo. Kwanza aliuliza isale ni mboga gani. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Kisha akaeleza: mkao unaompa mtoto nafuu ndio unaomlemaza, lakini usishindane naye. Apewe dawa ya maumivu kwanza, kovu likandwe taratibu kwa mafuta, na akandwe na mtu anayemwamini. Halafu mkono aunyooshe mwenyewe, akifuata kitu anachokitaka.

Nikapanda hadi kwa bibi.

"Isale lako nimeliheshimu," nikamwambia. "Mimi sivuti. Utakanda wewe."

Akaenda kunawa mikono.

Nilimwonyesha namna ya kukanda, na namna ya kuufunga mkono kwenye kibao chenye kitambaa laini wakati wa kulala. Ndizi mbivu tukazining'iniza kwa kamba kwenye boriti. Mtoto alinuna, maana wa kushoto tuliukataza, lakini ndizi alizitaka. Akishazifikia, bibi anafupisha kamba kidogo. Mimi nikienda kuwatembelea nakaa kwenye kigoda changu, mdomo nimeufunga, na kwangu hiyo ni kazi ngumu kuliko kuvuta.

Masika yalipokwisha wakaja kituoni. Bibi akabaki mlangoni. Mtoto akanisogelea, akatoa isale nyuma ya mgongo, akaninyooshea kwa mkono wa kulia, umenyooka mpaka karibu unifike kidevuni.

"Nisamehe nilikuuma."

Nikalipokea kwa mikono miwili. Nililia mbele ya wagonjwa wote, na wala sikujali.

"Kalichuma mwenyewe," bibi akasema. "Nilimwambia achukue la chini, akakataa."