Neno la Daktari Nililolisikia Nusu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani kwa miaka kumi na saba, na sijawahi kukusimulia. Juzi uliponiuliza kwa simu kama ugonjwa uliomuua dada yako uko katika damu yetu, kwa kuwa unataka kuoa na watu wa msichana wanauliza, nilikujibu kwamba nina kazi sokoni. Sikuwa na kazi. Niliogopa. Leo keti nikwambie yote, pamoja na yale ambayo mama yako, kwa wema wake, hakukwambia.

Wakati huo nilikuwa mchuuzi wa ng'ombe. Nilinunua soko la Ogwedhi nikauza lile la Rodi Kopany, na watu walinisalimia kwa heshima kubwa kuliko niliyostahili. Mama yako, Boke, nilimwoa kutoka kwa Wakuria, karibu na mpaka wa Tanzania. Ndugu zangu hawakufurahi Mjaluo mwenzao kuoa huko, lakini Akoth alipozaliwa walinyamaza. Kisha ukaja wewe.

Akoth alikuwa na miaka minane maumivu ya kichwa yalipoanza. Yalimshika asubuhi. Aliamka, akatapika kabla hata ya kuonja uji, kisha akapata nafuu akaenda shule. Tulidhani ni malaria, tukampa dawa ya malaria. Tukadhani ni minyoo. Mama yako ndiye aliyeona kwamba mtoto anatembea akijishika ukutani, na kwamba kichwa anakiinamisha upande mmoja. Aliniambia tumpeleke hospitali, nikamwambia angoje nirudi kutoka sokoni. Alingoja siku mbili, kisha akambeba mgongoni, mtoto mkubwa vile, akaenda naye Homa Bay bila ruhusa yangu. Hata hilo lilinikasirisha, kama unaweza kuamini.

Kutoka hapo tulitumwa hospitali kubwa, mbali na nyumbani. Picha ya kichwa ilionyesha uvimbe nyuma ya ubongo, karibu na shingo. Walimpasua, wakatoa walichoweza kutoa, na kipande kidogo wakakipeleka maabara ya ng'ambo kichunguzwe.

Majibu yalichukua wiki kadhaa. Siku yalipofika, mama yako alikuwa ameenda nyumbani kukuona wewe, maana ulikuwa umebaki na shangazi zako. Daktari, mama mmoja mwenye sauti ya chini, aliniita ofisini peke yangu. Akaanza kunieleza kwamba katika uvimbe wa Akoth wameona kromosomu zisizo za kawaida. Mwanangu, mimi niliacha shule kidato cha pili. Nilikumbuka mwalimu wetu wa bayolojia akisema kwamba mtoto hupata kromosomu kutoka kwa wazazi, nusu kwa baba, nusu kwa mama. Nikakumbuka pia kwamba mama yako alikuwa na kaka aliyekufa mdogo kwa kifafa. Daktari alikuwa bado anaongea, lakini mimi nilikuwa nimeshamaliza kusikia. Nilimshukuru, nikatoka, nikampigia kaka yangu mkubwa.

"Ugonjwa umetoka kwao," nikamwambia. "Daktari amethibitisha."

Daktari hakuwa amethibitisha kitu kama hicho.

Nyumbani hawakuhitaji zaidi. Tayari walikuwa wakinong'ona juu ya chira, ile laana wanayosema humpata aliyevunja mwiko, na sasa nilikuwa nimewapa neno la hospitali la kuitia nguvu. Kaka yangu aliwaita wazee. Wakamwambia mama yako asirudi hospitali, kwamba mtoto ana watu wake, na wewe wakakuzuia usiende naye. Alinipigia simu. Niliitazama ikiita mpaka ikanyamaza. Akaenda kwa baba yake na mfuko mmoja wa nguo.

Nikabaki na Akoth. Kila asubuhi aliniuliza kama mama yake anakuja leo, nami nilimwambia barabara imeharibiwa na mvua. Alikuwa mtoto wa kuamini. Alianza kuwasimulia wauguzi habari za mvua hiyo.

Siku ya nne daktari aliniita tena. Alitaka wazazi wote wawili, kwa sababu ilibidi tuamue juu ya matibabu. Nilimwambia mama hayupo, kisha nikamwomba anipime damu mimi na mke wangu, ili ijulikane wazi kasoro ilitoka upande gani. Akachukua karatasi, akachora duara, na ndani yake vijiti vidogo.

"Baba Akoth, hivi vijiti ndivyo kromosomu," akasema. "Viko ndani ya kila chembe ya mwili, vinaiambia ifanye nini. Damu ya Akoth tumeipima, haina kasoro. Alizaliwa mzima. Kosa limetokea baadaye, katika chembe ya ubongo ilipokuwa ikijigawa. Sehemu ya kromosomu imejirudia mara nyingi, na sasa chembe hizo hazijui kuacha kukua. Hakuna aliyempa ugonjwa huu. Si wewe, si mama yake."

Nikauliza kama hakuna koo zenye ugonjwa wa namna hiyo. Akasema zipo, chache, na ndiyo sababu damu ilipimwa. Lakini hata katika koo hizo hakuna mwenye hatia, akasema, kwa maana hakuna mzazi anayechagua atakachomrithisha mtoto. Kisha akanieleza lile alilotaka kunieleza siku ya kwanza, kabla sijainuka: kwamba kasoro aliyoiona ndiyo huwaonyesha madaktari uvimbe ulio mkali, unaorudi haraka hata baada ya kupasuliwa. Wangejaribu dawa, lakini tujiandae.

"Huyu mtoto anamhitaji mama yake sasa," akamaliza.

Unadhani niliondoka siku hiyo kumfuata? Nilikaa siku sita. Aibu ilinifunga miguu. Nilijiambia nitaongea na kaka kwanza, nitatafuta maneno mazuri. Katika siku hizo Akoth aliacha kula. Akaanza kuona vitu viwili viwili, kisha sauti yake ikawa ndogo. Siku ya sita hakuniuliza habari za mama yake. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, nikamwita shangazi yako mmoja aje akae na mtoto, nikaenda.

Babu yako, Mzee Chacha, nilimkuta akitengeneza zizi la ng'ombe. Hakunipa kiti. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, na nilipofika kwenye kuomba msamaha aliinua mkono ninyamaze.

"Wewe ulikuwa unatafuta mwenye kosa," akasema, "na mtoto alikuwa anatafuta mama. Msamaha wako utangoja. Mchukue binti yangu, mwende."

Mama yako alikuwa mlangoni, amesikia kila kitu. Alichukua mfuko wake, akatangulia njiani.

Tulifika saa nane mchana. Akoth alikuwa amepoteza fahamu tangu asubuhi. Mama yako alipanda kitandani, akamweka kifuani, akamwita majina yote aliyomwita alipokuwa mchanga, kwa Kikuria na kwa Kijaluo. Akoth hakufumbua macho. Aliishi siku mbili zaidi, kisha pumzi zikapungua, zikaisha.

Muuguzi mmoja alituambia huenda alisikia. Mama yako alimshukuru. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba uvimbe ungemuua hata hivyo, daktari hakunificha. Lakini zile siku kumi ambazo Akoth angeweza bado kumtazama mama yake, uvimbe haukuzichukua. Nilizichukua mimi.

Baada ya mazishi nilisimama mbele ya ndugu zangu nikasema ukweli, nikachora hata vile vijiti mchangani. Wengine walielewa. Kaka yangu alisema mke amenilisha dawa ya kunipumbaza. Mama yako alikuchukua, akarudi kwa babu yako, na ndiyo maana ulikulia huko ukawa unanijia likizo tu. Nilikwenda mara tatu kumwomba arudi. Mara ya tatu aliniambia kwa upole kwamba amenisamehe, lakini hawezi kuishi na watu waliomfukuza, wala na mimi niliyewapa sababu. Sikumsumbua tena.

Basi, mwanangu, jibu la swali lako ni hapana. Dada yako hakurithi ule ugonjwa. Waambie hivyo watu wa msichana, na wakiwa na shaka nendeni wewe na mchumba wako kwa daktari mkaulize wenyewe. Na siku moja mkipata mtoto, akawa anaamka na maumivu ya kichwa, anatapika, anapepesuka, usingoje soko liishe. Mpeleke. Daktari akikwambia neno usilolijua, kaa kitini mpaka amalize, umwombe arudie, na mkeo awe kando yako akisikia pia. Usimbebeshe mtu ugonjwa. Hata kama ungekuwa umetoka upande wake, angekuwa amekosa nini? Mtoto mgonjwa ana kazi nzito ya kutosha, asiongezewe ya kuwangoja wazazi wapatane.

Ninakuombea, mwanangu. Mungu awape nyumba yenye watoto, awape masikio ya kusikilizana, na watoto hao waje kuwazika ninyi mkiwa wazee sana. Amina.