Abeokuta, Mji Ulionifanya Dada Mkubwa

Pacha wangu Kulwa alinitangulia kutoka tumboni kidogo tu, na kwa hicho kidogo amenitawala zaidi ya miaka arobaini. Yeye huchagua kipande cha samaki kwanza. Mimi Dotto ndiye wa kumwamkia. Utotoni tulikaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba yetu mlimani Igogo, Mwanza, tukitazama meli ikienda Ukerewe, tukaahidiana kuipanda pamoja. Hatukuipanda. Kulwa anaogopa maji. Mimi nisiyetulia nimezunguka kwingi, na kila mara peke yangu.

Nauza vitenge sokoni Igoma. Niliposikia kwamba huko Nigeria kuna mji wa kale wa Wayoruba, jina lake maana yake ni "chini ya jiwe", na kwamba wanawake wake hutia vitambaa rangi kwa mikono, sikulala vizuri tena mpaka nikapata tiketi.

Jioni ya kuaga, Kulwa alinishika bega mbele ya mama. "Haya mdogo wangu, nimekuruhusu."

"Twende wote, Kulwa."

"Siku nitakayokuamkia shikamoo wewe, siku hiyo nitapanda meli."

"Nimesikia kwa masikio yangu," mama akasema.

Kutoka Mwanza niliruka hadi Dar es Salaam, nikabadili ndege, nikashuka Lagos kwenye joto na honi. Kesho yake nikapanda treni. Tulipokaribia Abeokuta niliona mabati yenye kutu yamejibana katikati ya mawe makubwa, nikacheka peke yangu. Nilidhani nimerudi Mabatini, mtaa wetu wa mawe kule Mwanza.

Mwenyeji wangu alikuwa mama mtia rangi, mfanyabiashara mwenzangu tuliyefahamiana kwa simu. Mtaani wanamwita Iya Ibeji, yaani mama wa mapacha. Mabinti waliompita barabarani walipiga goti kumsalimu, kama kwetu Usukumani, nami nikapiga la kwangu. Akaninyanyua akicheka.

Asubuhi alinipeleka uani kwake. Mapacha wake, Taiwo na Kehinde, wanawake wazima, walikuwa kazini. Taiwo alichora kitambaa kwa unyoya wa kuku na uji mzito wa muhogo. Kehinde alichovya kilichokwisha kukauka kwenye chungu cha nili. Kikatoka kijani, kikageuka buluu kwenye upepo mbele ya macho yangu. Palipopakwa uji pakabaki peupe.

Nilikuwa nimewabebea vitenge viwili. Nikauliza nani alizaliwa kwanza. Taiwo akanyoosha mkono, nami nikampa yeye vyote viwili. "Mkubwa achague."

Ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Taiwo akavikumbatia. "Mgeni ameona haki! Sirudishi!"

"Mpe mkubwa wako, mwizi wewe," Kehinde akamwambia.

Iya Ibeji alifuta machozi ya kicheko, akanieleza kwa Kiingereza cha taratibu ambacho mtu wa sekondari kama mimi alikifuata. Kwao, pacha anayebaki nyuma ndiye mkubwa. Yeye humtuma mdogo wake atangulie kuionja dunia. Mdogo akilia huko nje, mkubwa anajua ni nzuri, ndipo naye anatoka.

"Na wewe," akaniuliza, "ulitoka wa ngapi?"

"Wa pili."

Taiwo akapiga goti palepale, vitenge vikiwa bado kifuani. "Dada mkubwa, karibu!"

Mchana, baada ya amala laini kama ugali na mboga ya kuteleza kama mlenda wetu, tulipanda jiwe la Olumo, ambalo wazee wao walijificha chini yake wakati wa vita. Kileleni upepo ulinipiga usoni. Nilitazama mto na mabati chini, nikapiga kelele kwa Kisukuma kwamba mimi ni mkubwa. Watalii waligeuka. Waache wageuke.

Niliporudi Igogo nilimfunika mama kwa kitambaa cha nili, nikasimulia yote. Kulwa akabetua midomo. "Huko ni kwao."

"Mimi niliyewazaa," mama akasema, "sijawahi kukataa wala kukubali kwamba Kulwa ndiye mkubwa. Lakini hadithi hiyo inanipendeza. Kulwa, mwamkie dada yako."

Kulwa alinigeukia. Kisha akapiga goti, akijikaza asicheke. "Shikamoo, Dotto."

"Marahaba!" Nilivyoitikia kwa sauti, jirani alitoka nje kuuliza kuna nini.

Jumamosi tulikuwa bandarini. Kwenye daraja la kupandia meli nilisimama nikisubiri agome. Kulwa akanisukuma pembeni. "Nipishe. Si mimi ndiye wa kutumwa?" Akatangulia huku ameshika kamba kwa mikono miwili.

Meli ilipoondoka, alifumba macho. Alipoyafumbua, jiwe letu la utotoni lilikuwa kule juu mlimani, dogo, na maji yametuzunguka pande zote.

"Ikoje?" nikamwuliza.

Machozi yalikuwa yanamtoka. "Nzuri," akasema. "Njoo uone."